Madaftari Mawili

Tulipofunga ndoa bomani, mimi na miaka hamsini na sita,
Majura na sitini kasoro moja,
hatukuulizana habari za mapenzi.
Hayo tulikwishayaona, mmoja kaburini, mmoja mahakamani.
Nilimuuliza: una deni?
Akasema: sakosi ya wafanyakazi wa meli,
laki nane, linakwisha Machi.
Nikampenda hapo hapo.

Nyumba ya Buswelu ni yangu.
Yangu, yaani ya Lushinge na mimi,
yaani ya Sayi na Ng'walu,
maana msingi ule baba yao aliupasua kwenye jiwe
kwa moto na maji baridi,
miezi minne kabla hatujauona udongo.
Majura anajua. Hajapigilia hata msumari
bila kuuliza upigwe wapi.
Na mashine yake ya kusaga, kule Kayenze,
ni yake, yaani ya Bwire,
yaani ada ya Nyangeta chuoni.

Basi mezani kuna madaftari mawili.
Jumapili jioni tunaandika
tumekingiana viwiko
kama watoto kwenye mtihani.
Umeme, nusu kwa nusu. Maji, vivyo hivyo.
Mchele wa Magu, mimi, namjua muuzaji.
Dagaa, yeye,
kwa sababu huwatafuna usiku akidhani nimelala.

Wifi yangu alicheka: mume na mke, mifuko miwili?
Mali bila daftari, nikamwambia, hupotea bila habari,
na wahenga hawakusema madaftari mangapi.
Yeye hajawahi kuwaona mashemeji
wakipima kabati kwa shubiri
matanga hayajaanuliwa.

Kisha likaja la mafao.
Nilistaafu Bugando mwezi wa sita.
Miaka thelathini na mbili ya kuinamia vitanda vya watu,
halafu wanakupa kitu wanakiita kiinua mgongo,
mgongo wenyewe umeshasahau kusimama.
Karani akageuza kompyuta:
mama, mnufaika wako hapa ni Lushinge.
Lushinge, mwaka wa tisa huu
yuko chini ya mchanga wa Ngudu,
bado anasubiri malipo yangu.

Nilirudi nyumbani kama mke aliyefumaniwa.
Nikamweleza Majura. Akanyamaza.
Akaenda chumbani, akarudi na bahasha yake ya mfuko:
Nyamumwi, mama Bwire, asilimia mia moja.
Nyamumwi aliyeondoka na mwalimu wa kwaya
akabeba hata pazia.
"Nilisahau," akasema.
"Hukusahau."
"Sikusahau. Sikujua nimwandike nani."
Tulicheka mpaka jirani akapunguza redio
atusikie vizuri.

Alhamisi tukaenda mjini, kila mtu na kalamu yake.
Nikaandika: Sayi, nusu. Ng'walu, nusu.
Yeye: Bwire, Nyangeta, na yule mdogo wa Musoma
niliyetajiwa siku ya tatu ya ndoa
mtajaji akiwa ameelekea ukutani.
Mstari wa mwisho ulibaki mtupu
kwenye fomu zote mbili.
Karani akatutazama, akatazama pete.
Nikamwambia, acha hivyo, mwanangu.

Usiku Majura akachana karatasi kwenye daftari lake,
yeye asiyechana karatasi, anayeandika hadi pambizoni.
Tukaandika:
*Kabula akitangulia, Majura akae Buswelu,
chumba cha mashariki, asidaiwe kodi, hadi naye aitwe.
Majura akitangulia, mahindi ya Kabula
yasagwe bure Kayenze, debe moja kila mwezi.*
Watoto wakaja kutia saini.
Bwire alisoma mara mbili, akauliza debe la kilo ngapi.
Sayi alisaini bila kunitazama,
akaondoka hajanywa chai.

Sijui. Labda atarudi Krismasi.

Leo tumepita Mwaloni.
Sato mmoja, mnene, macho bado maangavu,
elfu kumi na nne, hapunguzi.
Tumesimama mbele yake, mimi na mume wangu,
kila mmoja ameshika pochi,
anamsubiri mwenzake.